Hatua Nne Nyuma ya Ukuta

Jumatatu, 9 Juni

Mimi bahati inanijua kwa sura. Naandika hapa iwe ushahidi. Miaka tisa kwenye saiti za ujenzi, miji minne, maghorofa yasiyo na idadi, na mwilini sina hata kovu! Wiki iliyopita ndoo ya zege iliponyoka kutoka juu ya jukwaa, ikatua puu! pale pale nilipokuwa nimesimama. Nilikuwa nimeshasogea. Wenzangu midomo wazi. Nikawaambia wengine huzaliwa na meno, mimi nilizaliwa na bahati.

Leo imenitembelea tena, safari hii nyumbani. Mke wangu kaniambia baba yake anakuja Jumamosi kunitazama nikipandisha kenchi za chuma za kubebea paa la ukumbi wa shule. Kwa kreni.

Kuna kajambo kadogo hapo. Kreni siendeshi mimi. Kazi yangu ni kufunga mizigo kwenye ndoano na kupunga mkono: juu, chini, simama. Ila mwaka juzi, katika maongezi, nilimwambia mke wangu kwamba mwenye kreni ni mimi. Alifurahi mpaka akakumbatia sufuria. Nani angekuwa na moyo wa kumsahihisha?

Baba mkwe ni fundi saa mstaafu. Mtu wa maneno matatu kwa siku. Tangu nimwoe binti yake, miaka sita sasa, ananiita Bwana Maneno. Mbele za watu! Jumamosi atanitafutia jina jingine.

Jumanne, 10 Juni

Mwendesha kreni ni Mama Pimamaji. Umri wa mama yangu mdogo, miwani yenye kamba, na mfukoni pimamaji fupi ya kupimia usawa, kama wengine tunavyobeba kitana. Wakati wa mapumziko nikamwamkia kwa sauti ya asali. Nikamwuliza kama Jumamosi ningeweza kumpokea kiti, dakika tano tu, apumzishe miguu.

Akaniuliza kreni hii inabeba kiasi gani. Nikacheka. Imeandikwa ubavuni kwa herufi kama milango: tani ishirini na tano. Akauliza, na mkono wake ukinyooshwa mpaka ule ukuta wa mbali wa ukumbi? Nikasema kreni ni kreni, mama, nguvu zake haziendi likizo.

Akanionyesha jedwali lililobandikwa karibu na kiti. Kadiri mkono unavyokwenda mbali, namba zinakonda. Kufika ukuta ule, tani moja na nusu! Mtambo wote ule! Nikabisha. Akanipa ndoo ya maji, akaniambia niikumbatie kifuani, halafu niinyooshe mbele mkono mzima. Maji yote viatuni. Akasema na kreni ni hivyo hivyo, mwanangu, ila yenyewe haimwagi maji. Inalala, na mtu yumo ndani.

Kenchi moja ni kilo mia tisa. Hakukisia, ameuliza walikozitengeneza. Akajumlisha minyororo. Akajumlisha na ndoano! Miji minne sijaona mtu anayepima ndoano. Darasa la saba niliishia mlangoni kwa ajili ya hesabu, lakini hizi za Mama hata mimi zilinisisimua.

Kiti kaninyima.

Jumatano, 11 Juni

Asubuhi sikwenda kazini. Nilikuwa kwa shemeji kuazima miwani ya jua na ovaroli isiyo na viraka. Nafika mchana, Mama keshachagua mahali pa kusimamisha mtambo. Amechora misalaba minne ya chokaa, mmoja kwa kila mguu wa kreni. Maana kreni haibebi mizigo ikiwa imekaa kwenye matairi. Inatoa miguu minne ya chuma ubavuni, inajiinua, matairi yananing'inia.

Nimeambiwa kazunguka asubuhi nzima na mtaimbo, anagonga ardhi na kusikiliza kama daktari na kifua cha mgonjwa. Nusu siku kwa misalaba minne! Lakini ilivyonyooka! Utadhani imepigwa pasi.

Tatizo ni moja. Kibanda cha dereva kitaonekana wazi kutoka getini, na Mama ndani yake, na miwani yake ya kamba. Baba mkwe macho yake bado yanaona skrubu ya saa.

Hatua chache tu nyuma kuna kipande cha ukuta wa nyumba ya zamani, iliyobomolewa. Kreni ikijificha hapo, getini utaonekana ule mkono tu ukipanda mbinguni. Na mimi nyuma ya ukuta. Baadaye natokea na miwani ya jua, najifuta jasho.

Akili hii ingesoma, ingekuwa waziri.

Alhamisi, 12 Juni

Nimefanya! Saa ya chakula, wote wakiwa na sahani. Nikafuta misalaba kwa kiatu, nikaichora upya nyuma ya ukuta. Hatua nne kamili. Kreni ina miguu minne, kwa hiyo hatua nne. Hesabu.

Aliyeniona ni mlinzi tu, mzee tunayemwita Babu Lango. Akauliza nafanya nini na chokaa. Nikasema amri kutoka juu. Akasema basi niiname vizuri nisijiumize mgongo, na akaniletea kigoda chake nikalie. Mzee wa watu! Siku nikiwa tajiri namnunulia viatu.

Ijumaa, 13 Juni

Mama hajagundua. Siku nzima alikuwa anakagua minyororo, pete moja baada ya nyingine, na mikanda ya kunyanyulia. Mkanda mmoja akauweka pembeni kwa sababu ya mchaniko mdogo kuliko ukucha. Nikautetea. Nimefanya nao kazi mwaka mzima, haujawahi kuniangusha. Akachukua kisu akaukata vipande viwili, akasema hiyo ni ili mtu kama mimi asije akauokota. Niliumia. Halafu nikafikiri wangapi wangefanya hivyo badala ya kuurudisha kimya kimya sandukuni. Mimi ningeurudisha.

Mke wangu amepiga pasi ovaroli mara mbili. Nimemwambia amzuie baba yake getini, huku kwetu ni hatari. Akaniuliza taratibu kama mimi mwenyewe huwa siogopi huko juu. Nikasema nimezoea. Usingizi ukachelewa kuja.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika na malengelenge.

Baba mkwe alifika saa nzima kabla ya muda. Fundi saa! Msimamizi akampa kofia ngumu na kiti. Mke wangu kavaa gauni la harusi ya dada yake. Mimi nyuma ya ukuta, miwani usoni, sioni vizuri.

Mama hakuwasha mtambo. Akatoa futi ya kupimia, akapima kutoka pembe ya jengo. Akasimama. Akapima tena. Kumbe kila asubuhi ya kunyanyua mzigo anapima upya! Anasema ardhi ya jana ni ya jana. Akachukua mtaimbo, akagonga msalaba wa kwanza: ti. Wa pili: ti. Wa tatu: nduu.

Tulisikia wote. Kama ngoma.

Chini palikuwa na shimo la choo la ile nyumba ya zamani, kina chake mimi mara mbili, juu mfuniko mwembamba wa zege na udongo kidogo. Mama alilijua tangu Jumatano, ndiyo maana misalaba yake ilikaa mbali. Na si hilo tu. Kutoka pale, kufika ukuta wa mbali, jedwali linasema tani moja, na kenchi na minyororo yake na ndoano yake inapita hapo. Yaani hatua zangu nne zingemlaza Mama chini kwa njia mbili tofauti! Mhandisi mzima asingeweza kupanga hivyo.

Msimamizi akafoka nani kahamisha alama. Akamgeukia Babu Lango, akasema anayelinda ni yeye, basi akabidhi funguo aende kwao leo leo. Mzee akanitazama. Akaanza kuvua kamba ya funguo shingoni, ikanasa kwenye kifungo.

Nikamtazama mke wangu. Nikamtazama baba mkwe. Nikavua miwani.

Nikasema ni mimi.

Mke wangu akauliza, mbele ya wote, sasa kreni anaendesha nani? Nikamwonyesha Mama kwa kidole.

Msimamizi akataka nitoke saa ile ile. Mama akasema achimbe kwanza. Akanikabidhi sepetu: nifukue mfuniko wote, mwisho mpaka mwisho, nizungushie utepe. Saa mbili za jua! Yeye akairudisha misalaba mahali pake.

Halafu nikaona kazi. Mbao nene chini ya kila mguu. Miguu ikashuka polepole, matairi yakaachana na ardhi kwa upana wa kidole. Pimamaji sakafuni mwa kibanda, kiputo cha hewa katikati, kimetulia kama yai. Akashuka, akazikagua mbao, akapanda. Kenchi ya kwanza akainyanyua kiganja kimoja tu, akasimama. Akasubiri. Akachungulia tena kila mguu. Ndipo ikaenda juu, ikakaa ukutani kama mtoto anayelazwa amelala. Sita zote! Hakuna iliyogusa kitu. Mimi nilipewa filimbi nilinde utepe, mtu asipite chini ya mzigo. Nilimpulizia hata msimamizi.

Mwishoni baba mkwe akaenda kumpa Mama mikono yote miwili, akamwambia yeye ndiye fundi saa. Kisha akaja kwangu. Nilijiandaa. Akasema kwa miaka sita hajawahi kunisikia nikisema neno fupi kama lile la asubuhi. Akasema amelipenda. Basi.

Kazi sijafukuzwa. Mama alimwambia msimamizi kwamba aliyelifukua shimo lile kwa mikono yake hatasahau lilipo.

Nyumbani mke wangu akaniosha malengelenge, akataka nimfundishe zile ishara za mkono. Nikamfundisha. Juu. Chini. Simama. Nilipoanza kueleza ilivyokuwa mwaka juzi, akanyoosha mkono: simama.

Jumapili, 15 Juni

Asubuhi njema. Jirani kaniuliza kazi ikoje, nikamwambia nimepandishwa, sasa mimi ni mkuu wa usalama wa saiti nzima. Filimbi anaiona shingoni! Jumanne, pampu ya zege inapokuja, anamleta mkewe na shangazi yake wanione.

Pampu nayo ina miguu minne, na Mama keshaichorea misalaba yake. Ila pale kuna jua kali, shangazi wa watu atanionaje? Hatua mbili tu na tuko kivulini. Mbili si nne! Chokaa iliyobaki ninayo kwenye kopo, chini ya kitanda.

Kabla ya kulitoa, nimesoma niliyoandika Jumatatu. Ile habari ya ndoo ya zege ni uongo. Sikusogea. Mama Pimamaji alinivuta kwa ukosi wa shati, na mimi nikanuna siku nzima kwa sababu kifungo kilikatika. Bahati sina.