Baiskeli Iliyopata Ajali

Jumatatu, 4 Machi
Baiskeli ya baba mkwe imepata ajali. Ni uani kwake, nilipokuwa natoa gari kinyumenyume. Nimempa pole. Akaniuliza baiskeli ilikuwa inakwenda wapi peke yake. Nikamweleza kwamba ilikuwa imeegemea ukuta wa jiko. Akaitazama baiskeli, kisha gari langu. Sikuipenda tazama yake. Jumamosi shemeji yangu mdogo anaolewa, na mzee ndiye anayepanga nani atamwendesha bibi harusi. Gari nimeshalipiga nta!

Jumanne, 5 Machi
Tatizo ni maelezo tu. Nimemfuata kazini kwake kuyasahihisha: gari lilirudi nyuma. Yeye ni kinyozi. Huku akinyoa, akauliza kama gari hilo lina leseni yake. Mteja alicheka mpaka ikabidi wembe uondolewe shingoni. Nikaongeza kwamba breki zilikataa. Akasema basi zisijisumbue kuja harusini.
Mke wangu anadai neno linalotakiwa ni moja: nimeigonga. Nimejaribu kulitamka mbele ya kioo. Limetoka "imegongeka".

Alhamisi, 7 Machi
Mbinu mpya. Fundi ameinyoosha baiskeli na kuipaka rangi nyekundu. Baba mkwe ameipokea kwa mikono miwili, kashukuru. Nikaona mambo yamekaa sawa, nikamshauri siku nyingine aiegeshe mbali na magari. Uani kwake! Mke wangu akanikanyaga mguu. Mwanyumba wangu alikuwapo, mume wa dada yake mke wangu, tunayemwita Honi. Yeye kaamkia tu, kaisifu rangi. Mnafiki mkubwa.

Jumamosi, 9 Machi
Bibi harusi kapewa Honi. Gari langu limepelekwa kubeba viti. Mimi kwa miguu. Redio ilisema barabara ya sokoni haipitiki kwa sababu ya maji. Nimepita, pamoja na watu wengine wengi tu.
Kwenye kona ya ukumbi Honi akapita dimbwini. Suti yote tope. Akashusha kioo.
"Pole, mwanyumba. Maji yamekurukia."
Nikalipuka. "Maji yana miguu? Sema, 'Nimekumwagia'!"
Baba mkwe alikuwa kiti cha nyuma, karibu na binti yake. Akaniangalia kwa utulivu.
"Hapo umesema vizuri, mwanangu," akasema. "Haya, na lile letu?"
Watu walikuwa wamesimama kusikiliza. Bibi harusi pia.
Nikasema tunachelewa.

Jumapili, 10 Machi
Nimerudishiwa gari. Wakati naingia nyumbani, nguzo ya geti imeukwaruza mlango wa gari, mwanzo hadi mwisho. Nimeshuka, nimeitazama. Iko palepale, kimya, kama haikufanya kitu. Mke wangu ameniuliza nasubiri nini pale nje. Nimemjibu kwamba mimi si mtu wa makuu. Nikiombwa radhi, nitaingia ndani.