Dohani Itokee Darini

Leo nimeadhirika, tena kwa sentensi isiyo na kosa hata moja la sarufi.

Mnaonifahamu mnajua nilivyohangaika kumtoa mama kijijini Kalenga, Iringa, aje aishi nami hapa Mbeya. Kifua chake kimechoka. Kila msimu wa baridi huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga dirisha, hulala. Nimemweleza mara nyingi kwamba hewa ya mkaa huua mtu bila hata kumwamsha. Hunijibu kwamba baridi nayo haibishi hodi. Mwishowe tukaafikiana: atakuja, mradi awe na moto wa kuota. Nikanunua jiko la chuma la kuni, lile lenye mlango na bomba la kupeleka moshi nje.

Fundi Ambakisye, ambaye kazi yake hasa ni kuchomelea mageti, alikuja kulifunga juma lililopita. Akaniuliza chimni aitokezee wapi. Nikamsahihisha kwanza: dohani, si chimni. (Nafundisha Kiswahili sekondari, ugonjwa huu hauna dawa.) Kisha nikatamka kwa ufasaha wangu wote: "Dohani itokee darini." Nikaenda zangu kazini. Niliporudi, bomba lilikuwa limepanda wima, limezama darini, limezungushiwa ukosi wa bati unaong'aa. Nikampongeza. Sikutoka nje kutazama paa. Nani hutazama paa lake?

Mama alifika jana. Leo, baada ya misa ya kwanza, wanajumuiya wenzangu wakaja kumkaribisha. Nikawasha moto mbele yao, nikautolea na mhadhara juu ya madhara ya moshi ndani ya nyumba. (Ndiyo, mhadhara.) Kuni zikashika vizuri. Mama akanyoosha mikono kwenye joto, akasema, "Hapa nitakaa."

Nilikuwa bado naeleza moshi unavyoondoka pale tundu la taa lilipoanza kufuka. Zikafuata pembe za dari. Mgeni mmoja akadhani ndivyo mtambo ulivyoundwa, akausifu. Huko nje jirani yangu, Mama Subira, aliona moshi ukitoka chini ya bati pande zote, akapiga yowe kwamba nyumba ya mwalimu inaungua. Waendesha bodaboda wa kijiweni wakapanda, wakang'oa mabati mawili, wakamwaga maji ndoo kwa ndoo. Nia yao ilikuwa njema. Dari langu la jipsamu halikuwa na nia wala nguvu: likaporomoka sebuleni pamoja na maji na masizi, likamwangukia mama.

Hapo ndipo sote tukaiona dohani. Imeishia mumo humo, katikati ya mbao, imevikwa hata kofia yake ya kuzuia mvua.

Nikampigia fundi, nikaweka spika ili wote wamsikie akijitetea. (Kosa jingine.)

"Mwalimu, si ulisema itokee darini? Imetokea. Ungetaka itoboe bati, ungesema itoboe bati."

Sebule nzima ikanigeukia. Mama mmoja, niliyemfundisha mwanawe, akauliza kwa upole kama hiyo ndiyo ile mada ya utata katika tungo.

Mama yangu hakucheka. Alijifuta masizi machoni kwa upindo wa khanga, akasema, "Kule kwangu, mwanangu, moshi ninaujua unakopita." Akaomba apelekwe stendi. Nilimsihi mpaka kwenye ngazi ya basi. Nikamwahidi kwamba bomba litapandishwa hadi juu ya paa, kwamba mbao zitatengwa mbali na chuma cha moto, kwamba nitasimamia kazi yote mwenyewe. Akanijibu kwamba hilo la mwisho ndilo linalomtia hofu.

Jioni hii amepiga simu: amefika Kalenga. Anakohoa. Nimemwuliza habari za dirisha. Amesema kuna baridi.

Kesho kipindi changu cha kwanza ni huohuo utata katika tungo, na mfano ninao. Ila kicheko chenu, tafadhali, nitunzieni mpaka mama afungue dirisha.