Acerbo, Maembe ya Jilo

Jumatatu, 2 Februari
Nimemtangulia Bule! Mama wa Kitaliano aitwaye Donata, mnunuzi wa hoteli moja ya Malindi, kaja Garsen kuchagua mkulima wa kumpa maembe msimu mzima. Jirani yangu Bule bado angoja yake yaive. Mimi niliangua ya kwanza jana. Donata kang'ata langu, kakunja uso, kasema, "Acerbo!" Bule kacheka. Aliwahi kupika hotelini, Kitaliano anakijua. Nikamuuliza maana. Kasema ni bichi, chungu, kali. Amejibu upesi mno. Mshindani hakupi ukweli bure. Bila shaka ni sifa.

Jumanne, 3 Februari
Nimekwenda kwa Susan wa saiba, penye kompyuta za intaneti, anitafutie neno. Asili yake Kilatini, kasema. Kwa Mtaliano, tunda bichi. Kwa Mhispania na Mreno, ukali na uchungu. Kwa Mfaransa, maneno ya kuchoma. Lugha nne, jibu moja! Nani kazipanga? Nikamuuliza Susan kwao wapi. Kijiji cha Wema. Na Bule kwao Wema! Basi.

Jumatano, 4 Februari
Nimesimamisha bango kubwa barabarani: ACERBO! MAEMBE YA JILO. Mke wangu Arafa kanisihi: "Baba Nuriya, yavundike tu siku tano, yataiva." Jana nilimwona akiomba chumvi kwa mke wa Bule. Chumvi tu?

Alhamisi, 5 Februari
Donata kapita. Kasimamisha gari, kasoma bango, kacheka hadi machozi. Kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota kaniambia hajaona muuzaji mkweli kama mimi. Kisha kampa Bule kazi. Nusu yake! Nusu nyingine kaniwekea mimi, mradi maembe yaliyobaki niyaache mtini hadi wiki ijayo. Bule kanipa mkono, kasema tutapakia gari moja. Arafa kalia kwa furaha. Mimi nikabaki nikifikiri.

Ijumaa, 6 Februari
Nimefikiri. Kwa nini wote wanataka maembe yangu yabaki mtini? Ili Bule aje ayachume, nini kingine! Nimetoka msikitini moja kwa moja hadi shambani. Nimeangua yote, hata yaliyo kama yai la njiwa. Arafa kashika kichwa. Naye wameshampata. Si kitu. Donata akija atayakuta tayari, magunia kumi na mawili.