Dharura ya Daraja la Pili

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mke wangu ametoa amri. Ghala langu lina siku saba.

Naandika kwa utulivu. Hii ni kalamu ya pili; ya kwanza imevunjika yenyewe.

Ghala lenyewe ni kile chumba kidogo cha nyuma, hatua tatu kwa nne, dirisha moja. Zamani mke wangu alishonea humo. Nilipostaafu mwaka jana, baada ya miaka thelathini na moja ya kutunza ghala la kiwanda cha rangi, nilikipa chumba hicho kazi yenye maana zaidi: chakula cha akiba, cha kuwatosha watu watatu kwa siku tisini. Mchele na dengu katika mapipa ya plastiki, vifuniko vimezungushiwa nta. Maharage ya kopo, makopo mia moja na ishirini. Samaki wa kopo, themanini. Maziwa ya unga, sukari, chumvi, mafuta, na biskuti ngumu za aina ambayo hata panya hufikiri kwanza kabla ya kuzing'ata. Kila kitu kina kadi yake. Ufunguo ni mmoja. Uko shingoni mwangu.

Cherehani kimehamia koridoni, mbele ya mlango wa bafu. Anayetaka kuoga huinama na kupita chini ya meza yake. Mimi nimezoea. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, ana miaka sabini na tisa na hajazoea.

Sasa mke wangu amepata kazi ya kushona sare hamsini za shule. Amesema hawezi kukata vitambaa mahali ambapo watu wanampita na taulo. Ikifika Jumapili, kama ghala halijatulisha hata mara moja katika dharura ya kweli, rafu zinatoka, cherehani kinaingia.

Nikasema sawa. Dharura zipo tele.

Akauliza dharura ni nini hasa. Maana juma lililopita unga uliisha jikoni, akaniomba kikombe kimoja cha mchele, nikamwambia hiyo si dharura. Mwezi uliopita walikuja wageni sita bila taarifa, wana njaa. Si dharura. Haya, mzee wangu, ni nini basi?

Nikapekua kadi zangu zote. Hakuna yenye maelezo hayo.

Ajabu! Nimeweka chakula cha siku tisini kwa ajili ya jambo nisiloweza kulieleza. Lazima nichunguze.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimechunguza.

Nimeanza na muuguzi wa nyumba ya pili. Nilimkuta mlangoni akirudi kazini, viatu mkononi. Alisema dharura ni pale mtu anapoacha kumwuliza maswali na kuanza kukimbia. Kisha akaniomba ruhusa akalale. Jibu fupi mno. Halina vipimo.

Mwenye duka alisema anaijua dharura vizuri sana: ni ile siku niliyonunua chumvi yake yote, wakaja wanawake sita mmoja baada ya mwingine, wote wana masufuria motoni. Alisema dharura ni mimi. Nimeliandika chini ya kichwa "Maoni Mengine".

Mwisho nikaenda kwa shemeji yangu. Huyu ni kaka wa mke wangu, fundi wa friji, tunatenganishwa na ua tu. Mtaa mzima unamwita Si Neno, kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila jambo. Hana akiba ya aina yoyote. Ana friji moja kubwa ya mlango wa kioo, imejaa nyama, mayai, maziwa na samaki. Yaani vitu vya kuoza vitupu. Nilimkuta chini yake, miguu nje. Alisema kutoka huko huko: shemeji, dharura ni njaa, mtu akiona njaa afungue.

Nilicheka. Njaa huja mara tatu kwa siku! Kwa maana hiyo ghala langu lingeitwa jiko.

Nimerudi nikatunga jedwali mwenyewe. Daraja la kwanza: vita na tetemeko la ardhi. La pili: barabara kukatika na maduka kufungwa siku tatu mfululizo. La tatu: hayo hayo, chini ya siku tatu. La nne: kukatika kwa maji au umeme. La tano: wageni. Ghala hufunguliwa kuanzia daraja la pili kwenda juu. Nimelibandika mlangoni.

Mama mkwe amelisoma kwa sauti, polepole, kidole juu ya kila mstari. Akauliza yeye yumo daraja gani. Nikamwambia kwa heshima zote: la tano, mama. Akasema anashukuru kujua, kwa kuwa amekuwa mgeni hapa kwa miaka tisa na hakuna aliyemletea soda.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimegundua kasoro. Daraja la pili haliji kwa kusubiriwa. Linahitaji msaada.

Saa nne asubuhi, mke wangu akiwa koridoni na mkasi, niliingia jikoni nikafungua kile kichwa cha mtungi wa gesi, nikakitia mfukoni. Kazi safi. Kisha nikaongeza mstari kwenye jedwali kwa kalamu: kukosa moto wa kupikia, daraja la pili. Saa sita nikatangaza dharura.

Nilifungua kofuli mbele ya wote. Nikasogea pembeni ili waone rafu. Kusema kweli zilipendeza.

Mke wangu alitazama mapipa. Akauliza katika hivi, ni kipi kinacholiwa kibichi.

Sikuwa nimeliwaza hilo. Mchele, hapana. Dengu, hapana. Akaonyesha maharage ya kopo, akasema hayo yanalika hata baridi. Nikamweleza kwamba kwa mpango wangu makopo huanza siku ya thelathini na moja, baada ya vikavu kwisha. Mpango ni mpango. Nikafunga.

Akachukua sufuria, akavuka ua kwenda kwa kaka yake. Mama mkwe akamfuata. Nami nikaenda, kwa ajili ya kufuatilia hali. Nilifuatilia sahani mbili.

Nilipoinama kunawa mikono, kichwa cha mtungi kikanitoka mfukoni. Kikaanguka, kikabingirika chini ya meza, kikasimama kwenye mguu wa mama mkwe. Akakiokota. Akakigeuza huku na huku. Akauliza: baba, hiki umekibeba ili upepo usikuchukue?

Si Neno alicheka hadi akashika ukuta. Mke wangu hakucheka. Aliendelea kutafuna, ananitazama.

Nimeufuta ule mstari.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Jua. Maji bombani. Umeme upo. Maduka yote wazi. Mambo yamekuwa mazuri kiasi cha kukatisha tamaa.

Mke wangu amepima dirisha la ghala kwa ajili ya pazia. Alikuwa akiimba.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Mvua! Tangu alfajiri, bila kupumzika. Saa nne mtaro wa chini ya mtaa umefurika. Saa tano barabara imekatika. Saa sita mwenye duka ameshusha mlango wake wa chuma, na umeme umezimika. Nyumba kumi na moja za safu ya chini zimeingia maji, majiko yao yanaelea.

Nimefurahi. Nimejikemea. Nimehuzunika inavyostahili. Nimefurahi tena.

Tumekula kiporo cha jana. Hii ni siku ya kwanza. Nimeiandika mlangoni kwa chaki.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Siku ya pili. Mvua ile ile. Jikoni kuna kitunguu kimoja, nacho si kizima.

Saa tano mke wangu amekuja mbele ya mlango wa ghala na sufuria tupu. Nitayaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa kuwa ni ya haki. Amesema: mzee wangu, dharura yako hii hapa. Ulikuwa na haki, nami nakubali. Fungua tule, chumba kibaki chako, mimi nitashona koridoni hadi uzeeni.

Ushindi! Nikatoa ufunguo. Nikauingiza.

Kisha macho yangu yakaangukia jedwali. Maduka kufungwa siku tatu mfululizo. Leo ni ya pili. Hili ni daraja la tatu, tena langu mwenyewe, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Na wazo jingine likanijia: je, mvua hii ikinyesha siku tisini na mbili? Mwenye kuanza kula leo atakuja kupungukiwa mwishoni, wakati ambapo wenzake wataanza kumkimbilia. Zaidi ya hayo, makopo mia moja na ishirini ni hesabu nzuri. Ukitoa moja, ni hesabu gani tena?

Mama mkwe akaomba kopo moja la samaki. Lile dogo. Nikasema: mama yangu, vumilia, ni hadi kesho tu.

Akachukua sinia, akajifunika kichwani, akatoka mvuani na fimbo yake. Mke wangu akaweka sufuria chini. Taratibu mno. Akamfuata.

Nilikaa. Nikasikia harufu ya nyama.

Friji ya Si Neno ilikuwa imezimika tangu jana. Kila kilichomo kilikuwa kinaelekea kuharibika, kwa hiyo alikuwa anapika vyote kwa pamoja, masufuria manne, na kuwaita watu wa safu ya chini kwa kupiga mwiko kwenye mfuniko. Muuguzi alikuwepo. Mwenye duka alikuwepo. Wamejaa barazani na chini ya turubai, miguu ina tope, sahani mkononi. Nimehesabu watu kumi na tisa. Pamoja nami, ishirini.

Nilitaka kuelewa. Nilimvuta kando nikamwuliza inakuwaje mtu anagawa kila kitu siku ya pili, bila kujua siku ya tatu italeta nini. Akanitilia mchuzi. Akasema si neno, shemeji, vingeoza.

Jambo hili linataka kufikiriwa. Chakula chake kinaoza, kwa hiyo kimelisha watu ishirini. Changu hakiozi, kwa hiyo hakijalisha mtu. Nimeiandika sentensi hii mara mbili kwenye karatasi nyingine na kuitazama. Kuna kitu ndani yake. Nimekitafuta hadi sahani ya pili ikaisha.

Nadhani jibu ni kwamba friji ile ni mbovu.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Siku ya tatu! Nimeamka kabla ya wote. Nimevaa koti langu la kazini, lile la kijivu. Daraja la pili, halali, bila mstari wa kalamu. Saa moja kamili asubuhi nimezungusha ufunguo na kusukuma mlango.

Rafu zilikuwa zinang'aa. Nikashangaa kwa nini. Lilikuwa jua, limeingia dirishani.

Nikasikia chuma kinapanda mtaani. Mwenye duka alikuwa anafungua.

Nikafunga.

Mke wangu alikuwa nyuma yangu, mkono umenyooshwa, kiganja juu. Sikubisha. Nilivua ufunguo nikamkabidhi. Shingo ilibaki nyepesi kama si yangu.

Hakupiga kelele. Amesema tu kwamba siku ya kuhama imefika, na kwamba chakula hiki kitaenda kwa watu ambao majiko yao yamezama. Yeye na kaka yake wakaanza kubeba. Watu wa safu ya chini wakaja na ndoo, mabeseni, mito iliyotolewa sufi. Mimi nilisimama mlangoni na kadi, nikipunguza. Mia moja na kumi na tisa. Mia moja na kumi na nane. Hakuna aliyeniomba nifanye hivyo. Kabla ya adhuhuri kadi zote zilisoma sifuri. Hata biskuti zimepata kazi: nimeona mtu ameinulia miguu ya kabati lake, lisilowe.

Mwanamke mmoja, simjui, alinishika mikono yote miwili. Akasema Mungu akuzidishie, baba, ulitufikiria sisi kabla sisi wenyewe hatujajifikiria.

Katika miaka thelathini na moja ya kazi sikuwahi kuliacha kosa lipite bila kulisahihisha. Hili nimeliacha. Sijui kwa nini.

Saa kumi cherehani kimeingia. Saa kumi na moja kimeanza kulia.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Nimeoga. Nimeingia bafuni nikiwa nimesimama wima. Nakiri kwamba inafaa.

Mtaani wananisalimu. Muuguzi ameniita mzee wa watu. Si Neno ameleta mayai, mke wangu ameyakaanga yote mara moja, nami nimeyala bila kuuliza ya kesho yako wapi. Mama mkwe amenisogezea kiti. Haijawahi kutokea.

Basi nimetumia asubuhi nzima kujiuliza juma hili limenifundisha nini. Nimetaka kuwa mkweli, hata kama inauma. Na nimeliona kosa langu, wazi kabisa.

Ghala lilikuwa dogo.

Ushahidi ni huu: chakula cha siku tisini kimekwisha katika asubuhi moja! Nilipiga hesabu ya watu watatu, wakati mtaa una watu zaidi ya mia. Aibu kwa mtu wa taaluma yangu. Zinahitajika siku mia mbili, kwa uchache, na pahali pakubwa zaidi, pakavu, penye kivuli, karibu na mwangalizi.

Nimepima chumba chetu cha kulala. Panafaa sana. Kitanda peke yake kimekalia nafasi ya makopo mia nne na arobaini, bila kuhesabu mvunguni. Nimekwenda kusimama mlangoni pa chumba cha cherehani nikamwuliza mke wangu, kwa upole, kama amewahi kusikia kwamba kulala sakafuni kunanyoosha mgongo.

Ameacha kushona na ameshika mkasi.

Nachukulia kwamba anafikiria.