Mwendeshaji wa Trekta ya Hadhi

Kurugenzi ya Usafi na Hadhi ya Kisiwa inayo furaha kuutangazia umma wa Mombasa, kuanzia Feri hadi Majengo na kutoka Majengo hadi Mji wa Kale, kwamba suala la trekta limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Wananchi wanaombwa kuwa na subira, na kuziba pua kwa muda uliobaki.

Tangazo hilo aliliandika Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Jamaldin, kwa kalamu yake ya wino wa kijani, akalisoma kwa sauti mara tatu kabla ya kulibandika ukutani. Lilimpendeza mno. Kiti cha waziri wa kaunti kilikuwa kitupu tangu Ramadhani, na Jamaldin hakuwahi kukitamani kitu maishani mwake kama alivyokitamani kiti kile. Mtu anayeweza kuandika "ufumbuzi wa kudumu" bila kukata hata neno moja, alijiambia, huyo ni waziri tayari, bado kuapishwa tu.

Suala lenyewe lilikuwa hivi. Kwa miaka ishirini na miwili taka za kisiwa zilivutwa na trekta moja kuukuu iliyoendeshwa na Kadenge, Mgiriama mpole aliyeitibu kwa spana mbili na maneno ya kubembeleza. Siku moja trekta ikakata roho pale Majengo, tela likiwa limejaa, mbele ya karai la Mejumaa muuza viazi. Tela likabaki hapo hapo. Taka za kila siku zikaja kuungana na wenzao, na baada ya wiki mbili wateja wa Mejumaa wakawa wanaagiza viazi kwa ishara za mikono kutoka ng'ambo ya barabara, kwani kufungua mdomo kulikuwa na madhara yake.

Ofisi nyingine ingekimbilia dukani. Kurugenzi iliunda kamati.

Kamati ilikaa vikao kumi na kimoja, vyote na chai, saba na biriani. Katika kikao cha tisa Winnie, afisa wa ununuzi, mwanamke mwenye tabia mbaya ya kusoma makabrasha mpaka ukurasa wa mwisho, alileta zabuni mbili. Moja ilikuwa ya trekta ya kawaida iitwayo Hodari. Ya pili ilikuwa ya Valdenberg, trekta ya watu wenye majina, ambayo bei yake ingenunua Hodari nne na chenji ikabaki.

"Hodari ni rahisi kununua," Winnie akasoma, "rahisi kuendesha, na rahisi kutengeneza."

Wajumbe wakainamisha vichwa, kama watu waliosikia tusi mbele ya wakwe.

"Rahisi mara tatu!" Jamaldin akasema. "Bi Winnie, wahenga walisemaje? Rahisi huvunja upishi. Hiyo yako itavunja na jiko."

"Mkurugenzi, rahisi hapa maana yake si ngumu."

"Na serikali inatafuta kitu kisicho kigumu kwa sababu gani?"

Karani akaliandika swali hilo katika kumbukumbu za kikao kama azimio. Mkurugenzi akaendelea kuwafafanulia. Ikiwa cha rahisi mwisho wake huwa ghali, basi cha ghali mwisho wake huwa rahisi. Kwa hiyo Valdenberg, kwa kuwa ghali kuliko zote, ndiyo trekta ya rahisi kuliko zote sokoni. Mjumbe mmoja alifungua mdomo aulize, akaikumbuka posho, akapiga mwayo.

Ili haki itendeke, Kadenge naye aliitwa kama mdau wa ngazi ya chini. Alisimama mlangoni, maana viti vilikuwa vya wadau wa ngazi ya juu.

"Valdenberg ni mashine, Mzee, sitakudanganya," akasema. "Nimeiona kwenye mashamba ya mkonge. Mtu ana ekari elfu tatu, ana karakana yake na mafundi wake, huyo nami ningemwambia nunua. Nguvu inayo, na mafuta inalamba tu. Pesa yake itamrudia. Lakini sisi twavuta tela la taka. Toka hapa hadi jaani ni mwendo wa sigara mbili. Na ikilala njiani, tutamwita nani? Hodari ikilala, fundi yeyote wa Majengo ataifungua."

Jamaldin akamwelekeza karani aandike: "Shahidi alikiri kwamba Hodari hufunguka."

"Na hiyo kubwa itapita wapi, Mzee? Ndia Kuu yenyewe, kule Mji wa Kale, mkokoteni ukiingia, paka hutoka."

Hoja hiyo ilizingatiwa. Kamati ikaazimia kwamba Ndia Kuu haijafikia viwango vya trekta, na barabara ikaandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza.

Kabla ya kusafirisha mtambo, kiwanda kikaleta fomu. Kilitaka jina la mwendeshaji mmoja, atakayekwenda Ulaya kwa mafunzo ya wiki tatu, nauli na malazi vikiwemo katika bei. Winnie akaandika jina la Kadenge. Jamaldin akalikata kwa wino wa kijani.

"Lakini Kadenge ndiye ataiendesha, Mkurugenzi."

"Kadenge ni dereva. Ataipeleka. Kupeleka ni kitu kimoja, kuendesha ni kingine. Nani anayeiendesha kurugenzi hii?"

"Ni wewe."

"Basi mwendeshaji ni nani?"

Winnie akaichukua fomu, na suala la lugha likafungwa. Kadenge, ambaye alikuwa ameshaazima sweta kwa shemeji yake, akairudisha. Ilimuuma sana. Ila hakuulizwa, na machungu yasiyoulizwa hayaingii kwenye kumbukumbu.

Jamaldin akaenda Ulaya kwa niaba ya umma. Aliona theluji kwa niaba ya umma, akala jibini kwa niaba ya umma, ikamsumbua tumbo kwa niaba yake mwenyewe. Alipanda trekta, akashuka, akapigwa picha. Akatia saini karatasi ya usalama inayokataza kabisa kidole cha mtu mwingine kugusa mtambo, akidhani inahusu wizi. Siku ya mwisho kijana mmoja wa Kizungu alimwomba aweke kidole gumba chake cha kulia juu ya kioo kidogo, mara tatu. Jamaldin alidhani ni mambo ya cheti. Alikiweka kwa fahari, tena akakisukuma.

Miezi miwili baadaye Valdenberg ikawasili. Uzinduzi ulifanyika Majengo, mbele ya mlima wa taka wenyewe, ambao sasa ulikuwa umeota mpapai. Palikuwa na hema, utepe mwekundu na waandishi wa habari. Mejumaa aliombwa asogeze karai lake kwa sababu lilikuwa linaharibu picha. Trekta iling'aa mpaka watu wakajitazama humo na kurekebisha kofia. Jamaldin akahutubia kwa dakika arubaini juu ya hadhi, kisha Kadenge, katika ovaroli mpya, akapanda na kubonyeza kitufe.

"Mwendeshaji hatambuliwi," ikasema sauti ya mwanamke kutoka ndani ya mtambo, kwa Kiswahili fasaha. Kwa bei ile, hata sarufi ilikuwa imo.

Kadenge akafuta kidole kwenye ovaroli, akabonyeza tena.

"Mwendeshaji hatambuliwi. Tafadhali shuka."

Winnie akafungua kitabu cha maelekezo, ukurasa wa mwisho, akasoma kwa sauti ya mtu anayejizuia kucheka mazikoni. Mtambo unatambua kidole kimoja tu, cha mwendeshaji aliyefunzwa kiwandani. Kiti nacho kinamtambua kwa uzito wake. Akiinuka, injini inazima na kujikagua kwa dakika ishirini. Kubadilisha kidole kunahitaji fundi mwenye kompyuta maalumu. Afrika Mashariki nzima fundi huyo ni mmoja, na miadi yake ya karibu ilikuwa Februari ya mwaka ujao.

Watu wote wakakitazama kidole gumba cha Mkurugenzi. Mkurugenzi akakitia mfukoni.

"Babangu, kitoe hicho kidole," Mejumaa akasema, na hakuwa anatania. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Mwezi wa tatu huu siuzi. Wanangu wanakula viazi nilivyovikaanga vikakosa mnunuzi, na mafuta ya kukaangia nakopa. Kama kimefunzwa kwa pesa zetu, kitoe kifanye kazi yetu."

Waandishi wa habari wakainua kamera. Jamaldin aliona mbele yake njia mbili: kupanda, au kusomwa magazetini kesho. Akapanda, suti na tai, akabonyeza.

"Karibu, mwendeshaji Jamaldin," ikasema sauti, na Majengo yote ikapasuka kwa vigelegele.

Alidhani ni siku moja. Lakini taka haina likizo. Kesho yake ilikuwapo, na kesho kutwa, na kila alfajiri Kadenge alimpigia simu kwa adabu kumwambia tela limeshafungwa. Valdenberg ilivuta kama walivyoisifia, hilo lazima lisemwe. Haikukohoa wala kuchoka. Jamaldin alimwomba Mungu ikohoe.

Nyumbani kwake Mji wa Kale, mkewe Sheikha alimpokea na ubani mlangoni. "Vua viatu huko huko nde, Jamaldin. Na suti hini sifui, hata unipe ya dhahabu. Jana mamangu kaya hapa kututazama, kauliza ni nani aliyefia ndani."

Kule ofisini, Winnie akagundua kifungu cha kanuni za utumishi kinachosema kiti cha mkurugenzi hakiruhusiwi kukaa kitupu saa za kazi. Asipokuwapo, hukaliwa na mtumishi wa muda mrefu zaidi aliyemo ofisini bila shughuli. Mtumishi huyo alikuwa mmoja tu. Wiki ya kwanza Kadenge alikalia ukingo wa kiti. Wiki ya pili aliegemea. Wiki ya tatu barua za malalamiko zikaanza kujibiwa, jambo lililozua wasiwasi mkubwa katika kurugenzi.

Ndipo ikaja barua aliyoingoja Jamaldin tangu Ramadhani. Jina lake limo kwenye orodha ya watakaohojiwa kwa nafasi ya waziri, Alhamisi, saa nne asubuhi. Aliibusu barua, kisha akaenda kubisha mlango wa ofisi yake mwenyewe. Kaimu Mkurugenzi alimkaribisha kwa heshima zote na kumwomba asimame mlangoni, kwa ajili ya viti.

"Siku moja tu, Kadenge. Naomba ruhusa ya siku moja."

Kadenge akaisoma barua mpaka mwisho. "Haki ya Mungu, Mzee, ningependa. Lakini Alhamisi ndiyo siku ya Majengo na barabara ya Mama Ngina. Wewe ukienda, nani atavuta? Kidole kingine hatuna."

"Ijumaa nitavuta mara mbili."

"Na Mejumaa nimwambieje? Juzi ndiyo kwanza kauza karai zima." Akavuta kalamu ya kijani, akaandika taratibu: "Ombi limezingatiwa kwa uzito unaostahili. Halikufaulu." Kisha akamtazama mkubwa wake wa zamani, na moyo wa utu ukamwingia, maana Kadenge hakuwa mtu mbaya. "Ila hao wahojaji wanakaa lile jumba la Mama Ngina, ghorofa ya chini, upande wa barabarani. Nitakupangia zamu upite hapo saa nne kamili. Ukifika, wewe jitahidi."

Alhamisi Jamaldin alivaa suti yake ya mwisho isiyonuka. Saa nne kamili alisimamisha Valdenberg chini ya dirisha la ukumbi, nyuma yake tela limejaa makumbi ya madafu, vichwa vya samaki na nepi. Ndani aliwaona wahojaji watatu nyuma ya meza, chupa za maji, na kiti kimoja kitupu. Karani akatoka ngazini, akaita, "Mwombaji Jamaldin! Mwombaji Jamaldin!" Moyo ukamruka. Akataka kuruka nao, akakumbuka kiti. Akiinuka tu, mtambo utazima na kujikagua dakika ishirini katikati ya barabara, tela na yote. Basi akakaa, akapunga mikono yote miwili na kupiga kelele kushinda injini.

"Niko hapa! Ni mimi! Ni mimi mwenyewe!"

Mwenyekiti wa wahojaji, mama mmoja wa makamo, akainuka akaja dirishani, pembe ya mtandio puani. Akamtazama yule mtu juu ya trekta kwa ile huruma ambayo viongozi wetu wanaiweka kwa ajili ya wanyonge.

"Pita upesi, baba," akamwambia. "Harufu inaingia, na kuna mkubwa tunamngoja."