Marcellus Hahami Nikiwepo Mimi

Jumatatu, 5 Januari

Dirisha la uhamisho limefunguliwa siku nne tu na wameshakwenda tisa. Tisa! Mchezaji wa chuo siku hizi haagi. Anaandika jina kwenye orodha ya mtandaoni, vyuo vingine vinampigia simu, kesho yake kabati lake tupu. Shemeji Ardith, mjane wa kaka yangu, kayaandika majina kwa chaki kwenye ubao wa mgahawa wake, pale kwenye bei ya supu. Anayasoma kama tangazo la msiba. Wazee wanavua kofia.

Tisa hao waende salama. Mimi roho yangu iko kwa mmoja. Marcellus Pruitt, namba saba, mrusha mpira wetu wa futiboli ya Kimarekani. Nimemchora mzima ubavuni mwa trela yangu ya kuuzia mbavu za moshi, pale lango la uwanja, mkono juu, mpira karibu umtoke. Chini yake kuna rangi ya yule wa mwaka juzi. Alihama. Chini ya huyo kuna mwingine. Naye alihama. Jua likiwa kali unahesabu masikio sita. Rangi imekuwa nene mpaka mlango haufungi. Sichori tena mtu mimi.

Na Marcellus anastahili rangi. Mwaka juzi timu yetu, Nyumbu wa Chuo cha Bledsoe Fork, walishinda mechi moja katika kumi na mbili, na hiyo moja wenzao basi liliharibika wakafika wamesukuma. Ndipo akaja Kocha Grubb. Hana pesa yule, ana jicho. Anaokota waliotupwa na wakubwa. Mmoja kamtoa kwenye trekta. Mmoja alikalia benchi vyuo vitatu mpaka suruali ikang'aa. Anawaunga kama bibi anavyounga blanketi la viraka. Mwaka jana tumeshinda sita! Sita! Nililia mbele ya wateja, nikasingizia moshi.

Marcellus naye ni kiraka. Alipokuja watu walisema ndege wa kupita huyo. Ndege gani anaangushwa mara arobaini na moja? Ukuta wetu, yale majitu yanayomkinga mrushaji, una tundu upande wa kushoto, upande ambao mrushaji haoni anayekuja. Mara arobaini na moja kalala chini. Mara arobaini na moja kainuka, kajipangusa majani, kampiga bega yule aliyeachia tundu. Hajamgombeza hata siku moja. Mimi ningemng'ata.

Leo kaja kula. Nikamchokonoa kwa ujanja. Akacheka, akasema Wexcombe, wale wakubwa wa kaskazini wenye kofia za zambarau, wameanza kumtumia salamu kupitia watu. Kisha hakucheka tena. Akasema, anko Hoyt, bega langu halifiki mwisho wa msimu mwingine kama ule. Akipatikana mtu wa kuziba kushoto kabla dirisha halijafungwa tarehe kumi na sita, nakaa. Asipopatikana, mama kanikataza kukaa.

Nimeapa, mkono juu ya mbavu. Hahami nikiwepo mimi.

Jumanne, 6 Januari

Mpango! Kocha atafute mtu wa ukuta, hiyo kazi yake. Mimi nitazuia wanyemeleaji. Hawa Wexcombe sheria haiwaruhusu kumfuata mchezaji asiye kwenye orodha, kwa hiyo watakuja kinyemela. Nimeivuta trela mpaka njia panda, pale kila gari la kuingia mjini lazima lipunguze. Darubini ya marehemu kaka. Kofia mpaka machoni.

Saa saba za baridi. Nimekamata tarishi. Kavaa soksi za zambarau. Akaniambia, Hoyt, mimi nakuletea barua miaka ishirini. Nikamwambia ndiyo wanavyoanza.

Ardith kapita, kauliza nauza mbavu au nauza akili. Nikasema siri ya kazi. Akasema shemeji, kaka yako alikuwa mjinga lakini alikuwa anafanya ujinga wake ndani.

Jumatano, 7 Januari

Nimekamata! Nimekamata!

Saa nne asubuhi, pikapu kuukuu, dereva mzee mwenye shingo kama gogo. Kofia ya zambarau. Koti la zambarau. Tai wa Wexcombe mgongoni, mkubwa kama bata mzinga wa sikukuu. Hata haya hana! Kando yake mzigo mkubwa ajabu umefunikwa blanketi. Vifaa vya upelelezi, hakuna kingine. Mzigo ukakoroma. Injini mbovu.

Akauliza kwa upole uwanja wa chuo uko wapi. Kwa upole! Wajanja hao. Nikampa tabasamu la kanisani. Nikamwelekeza moja kwa moja, kushoto kwenye ghala lililoungua, halafu maili kumi na tisa. Huko hakuna uwanja. Huko kuna shamba la nguruwe na tope ambalo mwaka jana lilimeza gari la wakala wa bima. Nikamfungia na mbavu za bure, pilipili yangu ile ya chupa ya chini, ninayouza kwa watu niliokosana nao.

Akanishukuru mara mbili. Akasema mji wenu una watu wema.

Nimejipigia makofi mwenyewe maana hakukuwa na mtu mwingine.

Alhamisi, 8 Januari

Mungu wangu.

Nilikuwa mgahawani nakula mayai na kahawa kama shujaa. Kaingia Kocha Grubb, uso umemshuka mpaka kifuani. Akamwambia Ardith, na mgahawa mzima ukasikia, kwamba jana alikuwa anangojea wageni. Kijana anaitwa Anders Kolb, kilo mia na arobaini na tano, miguu myepesi kama mcheza dansi. Mtu wa ukuta. Wa kushoto! Wexcombe walimweka benchi miaka miwili, akaandika jina, na katika vyuo vyote akataka kuja kwetu kwanza. Baba yake, mfuga ng'ombe wa maziwa, kaendesha gari siku mbili.

Hawakufika. Mzee Kolb kapiga simu jioni kutoka gesti ya mji wa pili. Kuna mwendawazimu kawaelekeza kwenye shamba la nguruwe. Walikwama kwa saa tano, wakavutwa na trekta. Na mwana kala mbavu fulani, ulimi umevimba, hawezi hata kusema jina lake. Kocha kaomba radhi mpaka sauti ikakauka. Mzee kasema gari likipona Jumapili wanakwenda chuo kingine.

Nikauliza, polepole, huyo mzee alivaaje.

Kocha akasema koti la Wexcombe, si ndiko mwanawe alikuwa anachezea? Yule mzee haachi koti zima eti kwa sababu mtoto kahama.

Uma ukanidondoka. Ardith akautazama uma. Akanitazama mimi. Mgahawa mzima una harufu ya mayai lakini yeye alikuwa ananusa pilipili yangu.

Ijumaa, 9 Januari

Mwanamume hakai akilia. Mpango mpya! Mzee Kolb anapenda zambarau. Akimwona mtu wa zambarau moyo utalainika. Ndani ya nyumba yangu zambarau hakuna, ningeichoma. Nikaazima joho la zambarau la kwaya ya kanisa. Kuazima maana yake mlango ulikuwa wazi. Juu nikaweka kofia ya sufi ya zambarau kutoka sanduku la misaada.

Nikabisha mlango wa gesti. Nikaanza: mpendwa shabiki mwenzangu wa Tai, naleta salamu. Mzee akanusa. Moshi wa miaka kumi na nne hautoki kwa joho. Akasema, wewe ndiye wa nguruwe. Hakupaza sauti. Angepaza ningejisikia nafuu. Mlango ukafungwa. Nyuma yake nikaona jibonge limekaa kitandani na barafu mdomoni, linanitazama kwa huzuni.

Na kama hiyo haitoshi, mhudumu wa gesti ni binamu ya muuza mafuta wetu. Kanipiga picha.

Jumamosi, 10 Januari

Jina langu liko kwenye ubao!

Ardith kaliandika kwa herufi kubwa, namba kumi na moja, chini ya mpigaji wetu wa mguu, yule wa kutia mpira golini kwa teke, aliyehama jana: HOYT MABRY, KWENDA WEXCOMBE. Picha ya joho imebandikwa pembeni. Wazee wamevua kofia. Mmoja kaniuliza wamenipa nafasi gani, ukuta au kwaya. Nimekula supu yangu nikiwa nimetazama ukuta, na hapo pia wakacheka.

Nilirudi kwenye trela nimejikunja. Nikamkuta Marcellus kakaa kwenye ngazi, mgongo kaegemeza kwenye picha yake mwenyewe. Nilitaka kudanganya, nilikuwa na uongo mzuri tayari, una daktari ndani. Lakini kijana alinitazama tu. Nikasema yote. Tarishi, nguruwe, chupa ya chini, joho.

Simu yake ikalia mfukoni, akaizima bila kuitazama. Nikajua imekwisha, nikaanza kuhesabu makopo ya rangi.

Akasema, anko, washa gari. Beba ndoo.

Tulifika gesti mchana. Hakubisha mlango. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile pikapu. Tope la nguruwe lilikuwa limeganda mpaka vioo, barafu juu yake. Akavua glavu. Akaanza kuosha. Mikono ile! Mikono inayotupa mpira yadi sitini ukaanguka kifuani mwa mtu kama barua! Nikashika brashi nisaidie. Akaniambia, anko, wewe kaa mbali na gari la watu.

Nusu saa. Mzee Kolb akatoka akasimama barazani na koti lake la Tai, mikono kifuani. Marcellus akaendelea kuosha. Halafu mlango ukajaa. Anders. Kijana alilazimika kutoka kiubavu. Akachukua brashi yangu niliyonyang'anywa, akapiga magoti upande wa kushoto, akaanza kusugua gurudumu.

Wakaosha saa nzima wanaume wawili wale. Mpira haukutajwa. Mara moja tu Marcellus aliteleza kwenye barafu, akaanza kwenda chini chali, na lile jibonge likamdaka kwa mkono mmoja bila hata kugeuza shingo. Likamsimamisha. Likaendelea na gurudumu.

Marcellus akanitazama. Mimi nikamtazama Mzee Kolb. Mzee Kolb akatazama juu, akapepesa macho, akasema eti upepo.

Najua upepo wa namna hiyo.

Jumapili, 11 Januari

Kanisani. Akina Kolb wamekaa benchi la mbele na kocha. Benchi limelia. Mzee na koti lake la zambarau, mgongoni Tai anawatazama Nyumbu mia mbili. Hakuna aliyethubutu kupumua. Baada ya ibada kocha kamletea koti letu jipya, la kijani. Mzee kalishika kitambaa, kakiri ni kizuri, kakataa. Kasema hili bado zima.

Nikampenda kuliko kocha.

Akaja kwangu. Nilijiandaa kwa ngumi. Akaniuliza ile pilipili natengenezaje, anataka kuwapakia mbweha wanaoiba kuku wake.

Kwaya imeimba ikipungua joho moja. Sijui lolote.

Jumatatu, 12 Januari

Anders katia saini! Mkono kama beleshi, kalamu imepotea ndani. Marcellus kampigia mama yake mbele yetu. Tukasikia mama anauliza, huyo mtu ana upana gani? Marcellus akasema, mama, nikisimama nyuma yake sipati jua. Mama akasema kaa.

Anakaa! Nimembusu tarishi.

Ardith kafuta majina ya walioondoka, kaanza kuandika wanaoingia. Langu kaliacha. Kasema litakaa mpaka Ijumaa, shemeji, upate baridi ya kuhama.

Ijumaa, 16 Januari

Dirisha limefungwa. Wameondoka kumi na wawili, bila kunihesabu mimi. Wamesaini kumi na watano, kutoka majimbo tisa, kila mmoja na kovu lake na sababu yake ya kutupwa. Leo nimewaona wakikimbia kwenye barafu, hakuna anayejua jina la mwenzake, na Kocha Grubb katikati anapita akimgusa kila mmoja kichwani, anatafuta nani aungwe na nani. Wakubwa wananunua shuka jipya kila mwaka. Sisi tunashona. Nani atasikia baridi? Tutaona Septemba.

Nimemchora Anders mbele ya Marcellus, kushoto. Hakutosha. Imebidi apite juu ya mlango, kwa hiyo sasa natoka na kuingia tumboni mwake. Kaja mwenyewe kuona, kasema imefanana naye.

Nafasi imebaki moja tu. Mpigaji wa mguu. Kocha kasema yupo mmoja Dakota, alishaandika jina mapema kwa hiyo bado anaruhusiwa kusaini, anazuru kesho. Fundi kabisa. Analetwa na mama yake.

Na mimi nimejifunza. Naandika hapa nisisahau: Hoyt, usimhukumu mtu kwa kofia yake.

Jumamosi, 17 Januari

Nilipita njia panda na trela, kwa mazoea tu. Darubini ilikuwepo kwa bahati.

Saa nane, gari dogo jekundu, mwanamke mfupi kwenye usukani. Kauliza uwanja wa chuo, kwa upole. Nikakumbuka somo langu. Nikatazama kofia. Hana kofia! Hana koti la timu, hana skafu, hana hata rangi. Sasa nijibu mwenyewe, Hoyt, mtu asiye na kofia kabisa anaficha nini? Na nyuma kuna kijana mwembamba kalala, mguu mmoja wa kulia kautoa dirishani, kaufunga sufi mguu huo tu, kaulaza juu ya mto kama mtoto mchanga. Watu wa ajabu.

Moja kwa moja, nikamwambia, kushoto kwenye ghala lililoungua, halafu maili kumi na tisa.

Mbavu sikuwapa. Nimeshakua.

Kocha atanishukuru.