Mausi Isiyo na Waya na Mahari ya Fatma

Mohdhar aliuona ule waya kabla hajamwona mwenyewe. Ulitoka kwenye laptopu, ukapita mezani, ukazunguka kikombe cha chai, ukaishia kwenye mausi iliyochakaa, na njia nzima ulikuwa umefungwa selotepu. Akasimama mlangoni pa lile duka la kuchapa barua, hapo Garsen, mfuko wake wa bidhaa begani, akatabasamu peke yake. Laptopu nzima, nyeusi, inang'aa, na mwenye nayo anahangaika na waya! Riziki imenifuata mpaka mlangoni, alijisemea, ingawa kusema kweli mlango haukuwa wake.

Mjue kwanza shida yake, msije mkamwona mwizi tu. Kwao Kipini, nyumbani kwa Mzee Kassim, Mohdhar alikuwa ameposa. Posa ikapokelewa, halua ikaliwa, na binti, Fatma, akaulizwa anataka mahari gani. Wenzake hutaja dhahabu, wengine hutaja kitanda na kabati. Fatma alituma jibu la neno moja: laptopu. Iletwe Ijumaa, mbele ya wazee, la sivyo posa irudi ilikotoka.

Na Mohdhar alimpenda Fatma, hilo hatumnyimi. Akitajiwa jina lake tu alipoteza hesabu ya alichokuwa akiuza. Lakini kununua kitu dukani kwa bei yake, hilo mdomo wake haukuwahi kumruhusu. Mtu aliyempa mchungaji wa Bangale tochi ya sola isiyowaka akapewa beberu mzima, leo aende kupanga foleni na kulipa? Aibu iliyoje! Beberu mwenyewe, chongo wa jicho la kushoto, alikuwa amefungwa hapo nje kwenye nguzo, anatafuna katoni.

"Hodi, dada!"

"Karibu. Kuchapa au kutoa kopi?" Asenath, mwenye duka, hakuinua macho. Alikuwa mama wa Kipokomo mwenye miwani iliyoshuka puani, na hakuna barua ya chifu wala kadi ya harusi iliyotoka Garsen bila kupita mikononi mwake.

"Sikuja kuchapa. Nimekuja kukuokoa. Mtu wa hadhi yako bado anaiburuta mausi kwa kamba, kama mbuzi wa mnadani?"

Asenath akainua macho. Mohdhar hakuhitaji zaidi ya hapo. Kufumba na kufumbua mausi zake zilikuwa mezani, zimepangwa mstari mmoja, hakuna hata moja yenye waya.

"Mausi haichaguliwi kwa rangi, dada. Watu wananunua nyekundu kwa sababu ni nyekundu, jioni vidole vinawauma. Mausi huchaguliwa kwa mkono. Weka kiganja. Hiyo ndogo, unaikamata kwa kucha. Jaribu hii. Umeona? Imekaa. Inakula betri moja tu, ile ya saa ya ukutani, na tumboni ina swichi, ukimaliza kazi unaizima ilale. Sasa bonyeza."

Asenath akabonyeza. "Sisikii kitu."

"Ndiyo sifa yake! Hii ni ya kimya. Unaweza kuibonyeza matangani na mfiwa asijue. Tena haichagui pa kukaa. Meza sawa, mkeka sawa, hata juu ya paja lako lililofunikwa leso, inakwenda. Kioo tu ndicho haipatani nacho. Na umbali je? Kaa chumba cha pili, kaa nyuma ya pazia, mshale bado unakutii."

"Nyuma ya pazia nitafanya nini na mausi?"

"Huwezi kujua, dada. Maisha marefu."

Bei aliyoitaja ilikuwa ndogo hivi kwamba Asenath aliona haya kuipunguza. Mohdhar akajitolea kuifunga mwenyewe. Mausi isiyo na waya ina kidude chake cha kuchomeka kwenye laptopu, kidogo, si kikubwa kuliko punje ya mahindi, na hicho ndicho kinachopokea habari za mausi. Kiganjani mwa Mohdhar vidude vilikuwa viwili. Kimoja, cha mausi ya Asenath, alikichomeka upande wa kulia huku akikieleza kwa sauti. Kingine alikichomeka upande wa kushoto bila kukieleza. Mausi ya hicho cha pili ilikuwa mfukoni mwake.

Kisha akaaga vizuri, akahamia kibanda cha jirani kwa Bishara muuza chai. Kati ya kibanda na duka palikuwa na ukuta wa mbao tu. Akaagiza chai ya maziwa na mahamri, akakaa ameupa ukuta mgongo, akaiweka mausi pajani chini ya meza, akaanza kuisugua taratibu. Kioo cha laptopu hakukiona, lakini masikio yalimtosha.

"Eeh! Barua yangu imekwenda wapi?" Hiyo ilikuwa sauti ya mzee mmoja aliyekuwa akiandikiwa barua kwa chifu kuhusu ng'ombe aliyepotea.

"Ngoja, mzee, ilikuwa hapa sasa hivi."

"Ng'ombe amepotea, na barua nayo inapotea?"

Mohdhar akatafuna hamri, akabonyeza mara mbili, akavuta kulia. Upande wa pili Asenath akapiga ukelele. Akaizima mausi yake mpya, mshale ukaendelea kukimbia. Akaondoa mkono kabisa, akarudi nyuma, mshale ukafungua kalenda, ukaifunga, ukafungua tena.

Bishara akachungulia dukani, birika mkononi. "Mama Asenath, hiyo ina kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu," alisema Bishara, akarudi zake haraka.

Hapo ndipo Mohdhar alipoingia na kikombe chake, uso umejaa huruma. Akaiwekea laptopu kiganja kwenye kipaji cha uso, tuseme, mahali ambapo laptopu ingekuwa na kipaji. Akaisikiliza. Akatikisa kichwa.

"Hili si la mausi, dada. Mausi umeizima. Hili liko ndani."

"Bishara anasema ni jini."

"Mimi sijasema," Mohdhar akajibu. "Ninyi ndio mmesema."

Akarudi kwenye chai yake, na kazi ikaendelea mpaka adhuhuri. Muadhini alipoanza tu, Mohdhar akaisukuma mausi mfukoni akaenda kutia udhu. Tumpe haki yake: alidanganya watu kutoka Nanighi mpaka Kipini, lakini swala ya jamaa haikumpita. Hakuidanganya hata mara moja. Aliporudi akaagiza chai nyingine, akaanza upya. Alasiri akaenda, akarudi. Kesho yake vivyo hivyo, na wateja wa Asenath wakaanza kupita mbele ya duka bila kugeuza shingo.

Siku hiyo ya pili, baada ya alasiri, Asenath alimwita mwenyewe.

"Bwana Mohdhar, nifanyeje? Hili ndilo jembe langu."

"Dada, mwingine angekuambia inatengenezeka, akakula hela. Mimi siwezi. Imekwisha. Labda mimi niichukue nitoe vipuri."

"Vipuri vya nini?"

Angenyamaza hapo, tusingekuwa na hadithi. Lakini Mohdhar alikuwa na mdomo usiojua kupumzika, na jambo lenyewe lilikuwa linamjaa kifuani. "Nina harusi, dada. Mchumba wangu ameomba mahari ya laptopu. Fatma, binti Kassim wa Kipini. Ningeunganisha hiki na kile nikampelekea. Ah, dada, ungemwona huyo Fatma!"

Asenath akavua miwani, akaifuta kwa pindo la leso, akachukua muda wake.

"Mrefu? Ana kidoti shavuni?"

"Unamjua?"

"Watu huonekana," alisema Asenath. Na hapo hapo akalainika. "Basi kama ni kwa ajili ya harusi, utanipa nini?"

Mohdhar akaonyesha nje, akijigamba jinsi alivyompata kwa mchungaji wa Bangale kwa tochi isiyowaka. Beberu alikuwa amemaliza katoni, sasa anautazama mlango kwa jicho lake moja.

"Chongo?"

"Haoni maovu ya dunia yote, dada. Nusu tu."

Asenath akacheka. Alicheka kwa muda mrefu kuliko utani wenyewe ulivyostahili, lakini Mohdhar aliona kwamba ni utamu wa maneno yake. Wakapeana mikono. Akaipapasa laptopu upande wa kushoto, kana kwamba anaiaga, na kidude chake kikaingia kwenye mkono wa kanzu. Asenath naye akaitia kwenye mkoba mzuri, akafunga zipu mwenyewe.

"Usiifungue njiani," alimwambia. "Vumbi la huko litaimaliza kabisa. Ifungulie mbele ya wazee."

"Mungu akuzidishie, dada."

"Na wewe pia akupe unachostahili."

Mohdhar aliitikia amina kwa moyo mmoja.

Ijumaa, baada ya swala, ukumbi wa Mzee Kassim ulijaa. Wazee mkekani, shekhe mbele, wanawake chumba cha ndani nyuma ya pazia jepesi la maua. Mohdhar alivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikakataa kukunjika. Kwanza kikaletwa chakula. Pilau ile! Alikula sahani, akaongezwa, akala tena, akaisifu kwa sauti ili isikike nyuma ya pazia.

"Nyama laini hii, Mzee Kassim. Huyu mnyama alilelewa vizuri."

"Alikuwa na mlezi hodari," alijibu Mzee Kassim, akijipangusa midomo.

Sahani zikaondolewa. Mohdhar akaitoa laptopu, akaiweka juu ya kimeza katikati ya ukumbi, akaifunua, akaiwasha, akairudisha nyuma kidogo ili kila mtu aone. Mwanga ukatoka. Wazee wakasema mashaallah. Mohdhar akageukia pazia, akaweka mkono kifuani.

"Mbele yenu nyote," alianza, "nimeileta mwenyewe, kwa jasho langu..."

"Inakwenda," alisema shekhe.

"Inakwenda vizuri sana, shekhe, ni imara."

"Nasema inakwenda yenyewe."

Mohdhar akageuka. Mshale ulikuwa unatembea juu ya kioo, polepole, bila haraka yoyote. Ukazunguka. Ukafungua ukurasa mweupe wa kuchorea. Ukaanza kuchora mstari mnene mweusi: mgongo, miguu, ndevu, pembe mbili. Mwisho ukaweka jicho. La kushoto haukulichora, mahali pake ukapiga mistari miwili iliyopishana, chongo.

"A'udhubillahi," alisema mzee mmoja, akavuta miguu yake mbali na kimeza.

"Mohdhar," Mzee Kassim akasema kwa upole, "hii mahari ina jini?"

Mara hii hofu ya Mohdhar ilikuwa ya kweli. Akisema ndiyo, nani ataozesha binti kwa laptopu yenye jini? Atakuwa amempoteza Fatma. Akasema la kwanza lililomjia.

"Si jini, wallahi! Ni mausi! Kuna mtu humu ameshika mausi! Chini ya nguo, au nyuma ya kitu, kachomeka kidude upande, huo mchezo naujua mimi!"

Ukumbi mzima ukamgeukia. Hata waliokuwa wakiosha vyombo uani walisogea mlangoni.

Nyuma ya pazia ikatoka sauti aliyokuwa akiiota. "Enhe," alisema Fatma. "Tuambie basi. Umeujulia wapi?"

Mohdhar akatazama viatu vyake mlangoni. 

Pazia likasogea. Kwanza akatoka Asenath, miwani puani, leso mpya, akasalimia wazee mmoja mmoja kwa adabu. Nyuma yake alikuja Fatma, na juu ya kiganja chake ile mausi ya kimya, ile inayokwenda hata juu ya leso.

"Fatma alijifunza kuchapa kwenye meza yangu," Asenath aliwaambia wazee. "Na huyu bwana amenisumbua siku mbili. Laptopu yangu imeshikwa na wazimu, barua zinapotea, wateja wanakimbia. Nami nilikuwa naamini, msinicheke. Lakini muadhini akianza tu, inatulia. Adhuhuri, tuli. Alasiri, tuli. Swala ikiisha, wazimu. Mimi ni mtu wa kanisani, majini yenu siyajui sana. Nikajiuliza tu, jini gani huyu asiyekosa swala ya jamaa?"

Shekhe alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Mzee Kassim akaiokota, naye anacheka. Mohdhar alitazama mkeka.

"Nirudishieni basi beberu wangu," alisema kwa sauti ndogo, "dada achukue laptopu yake, yaishe."

"Beberu?" Mzee Kassim akatazama sinia tupu lililobaki pembeni. "Huyu mwalimu wa Fatma, Asenath, alikuja naye jana, zawadi ya shughuli. Wewe mwenyewe umemsifu, sahani mbili."

Mohdhar akajishika tumbo. Akamtazama Fatma, na hapo maneno yakamtoka bila kupambwa. "Fatma, niliogopa nisipoipata utanikataa. Hilo tu ndilo la kweli katika yote."

Fatma akahamishia mausi mkono wa pili. Alikuwa amekasirika, ilionekana wazi, lakini kona ya mdomo wake haikukubali kukaa sawa.

"Mahari yangu haijabadilika," alisema. "Laptopu. Ya dukani, na risiti yake. Mausi usilete, ninayo. Una mpaka Ijumaa ijayo. Na yule mchungaji wa Bangale atafutiwe beberu wake."

"Nitaleta. Wallahi nitaleta."

"Wallahi zako ziweke, lete risiti."

Ndipo alasiri ikaadhiniwa. Mohdhar akawa wa kwanza kuinuka, akavaa viatu vyake mlangoni akiwa ameinama. Nyuma yake wazee hawakuinuka mara moja. Wote waligeuza shingo kuitazama laptopu, wakasubiri. Mshale ulizunguka mara moja ya mwisho, kisha ukatulia.